Mchezo huo ni wako, au umeukodi tu?

Shule zinapofungwa, mpenzi msomaji, nyumba nyingi za mjini hugeuka viwanja vya mashindano. Sebuleni yumo mtoto aliyeikumbatia simu ya mamake asitake kuiachilia. Mlangoni yupo barobaro anayebembeleza apewe shilingi chache akacheze PlayStation kwenye kibanda cha mtaani. Nje, kivulini, wapo wazee wawili walioinamia kipande cha mbao kilichochorwa miraba, wakisukuma vizibo vya soda huku wakitupiana maneno ya kejeli. Wote hao wanacheza, lakini mkataba wa kila mmoja na mchezo wake ni tofauti kabisa. Huo mkataba ndio ninaotaka tuuchambue Jumapili hii.

Wavyele wengi wana jibu la haraka. Kwao, michezo ya ubao ni mizuri kwa kuwa inanoa bongo, na michezo ya vidio ni mibaya kwa kuwa inaharibu macho na masomo. Jibu hilo ni rahisi mno. Keti na wachezaji wenyewe, wa ubao na wa vidio, uwaulize wanachokipenda na kinachowachukiza, na utashangaa jinsi kauli zao zinavyokaribiana. Wanapenda mchezo wenye mwisho. Wanapenda mchezo ambao sheria zake zinaonekana na kila mtu. Aidha, wanapenda mchezo ambao ukishaulipia, ni wako. Kinachowakera ni kudanganywa katika mojawapo ya mambo hayo matatu. Hebu basi tuipime michezo yetu kwa vipimo hivyo.

Barazani hakuna siri

Tuanze na bao, mchezo ambao wenyeji wa Lamu, Mombasa na Unguja wamerithishana kizazi baada ya kizazi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 yaliyopangwa katika safu 4, na kete 64. Kila mchezaji ana safu 2 na kete 32. Mchezo huanza kwa kunamua, yaani kuziingiza ubaoni kete zilizo mkononi, moja kwa kila zamu. Kete za mkononi zikiisha, wachezaji huingia katika mtaji, ambapo mali yote imo ubaoni machoni pa watu. Anayemalizwa kete za safu yake ya mbele, au anayekosa pa kucheza, ameshindwa. Basi.

Utazame mkataba huo vizuri. Hakuna kilichofichwa. Watazamaji wanaosimama nyuma ya wachezaji wanazijua sheria kama wachezaji wenyewe, na ukikosea kuzisambaza kete, midomo kumi itakurudi. Ubao ukipasuka, mashimo huchimbwa mchangani. Komwe zikipotea, vijiwe hufaa. Ndugu zake bao, kama vile ajua ya Waluo na giuthi ya Wakikuyu, wana tabia iyo hiyo ya kutotegemea duka. Na tangu bao lianze kuchezwa, hakuna mtu aliyewahi kuuziwa kete ya 65 ili amshinde mwenzake.

Drafti ya vizibo ni hivyo hivyo. Mmoja hugeuza vizibo vyake viangalie juu, mwenzake akavigeuza vyake viangalie chini, na vita vikaanza. Wachezaji wa michezo hii watakuambia kwamba utamu wake umo katika kushindwa waziwazi. Ukifungwa, unaweza kurudisha mawazo nyuma ukaiona hatua iliyokuponza. Hakuna wa kumlaumu, wala hakuna kitu cha kununua ili kuifuta aibu. Unachoweza kufanya ni kukaa tena kesho ukiwa na akili zaidi. Kwa mtoto, hilo ni somo ambalo hata mwalimu hodari hawezi kulifundisha kwa chaki.

Makasha ya dukani

Waama, michezo ya ubao haikukomea barazani. Siku hizi wanafunzi wa vyuo vikuu na vijana wanaofanya kazi mjini hukusanyika jioni kucheza michezo inayouzwa kwa makasha kutoka ng'ambo. Unaotajwa sana ni Catan, ambao Mjerumani Klaus Teuber aliutoa mwaka 1995. Wachezaji 3 au 4 hujenga vijiji na barabara katika kisiwa chenye vipande vya pembe sita, kila kipande kikitoa mali yake: mbao, matofali, ngano, sufu au madini. Wa kwanza kufikisha pointi 10 ndiye mshindi.

Ukiwauliza wapenzi wa Catan sababu ya kuupenda, watakutajia mbili. Kwanza, hakuna anayetolewa mchezoni akabaki kuwatazama wenzake kwa saa nzima. Kila mtu hukaa hadi mwisho. Pili, hata dadu zikirushwa na jirani, wewe waweza kuvuna, na usipovuna itakubidi ufungue mdomo ufanye biashara: nipe ngano nikupe matofali. Mtu mkimya hulazimika kuongea. Kwa nyumba ambayo kitindamimba hulia kila anaposhindwa, wengi husifu Pandemic, mchezo wa Matt Leacock uliotoka mwaka 2008, ambamo wachezaji wote ni kikosi kimoja kinachopambana na magonjwa yanayoenea duniani. Hushinda pamoja au hushindwa pamoja.

Lalamiko lao kubwa ni bei. Kasha moja lililosafirishwa kutoka ng'ambo laweza kumeza pesa za mboga za nyumba kwa majuma kadhaa. Dawa waliyoivumbua vijana ni ile ile ya mama zao: wanachanga kama chama, wananunua kasha moja, na linazungushwa nyumba hadi nyumba. Kumbuka jambo hilo, kwa maana tutalirudia. Kasha laweza kuazimwa.

Hata hivyo, tusidhani kwamba biashara ya ubao inaendeshwa na malaika. Chukua Monopoly, mchezo ambao huenda umo kabatini mwako. Mwaka 1904 mwanamke Mmarekani, Elizabeth Magie, alipewa hati ya kumiliki uvumbuzi wa mchezo alioutunga kuonyesha jinsi wenye ardhi wanavyotajirika huku wapangaji wakifilisika. Watu waliupenda, wakaunakili kwa mikono na kuandika majina ya mitaa ya miji yao. Miaka ikapita. Mwaka 1935 bwana mmoja, Charles Darrow, aliiuzia kampuni ya Parker Brothers toleo lake la mchezo huo kana kwamba ulizaliwa kichwani mwake. Kampuni hiyo ilimwendea Magie, ikanunua haki yake kwa dola 500, bila fungu lolote la mauzo. Darrow akawa tajiri. Mkaaji wa Nairobi anayehesabu siku kwa kuogopa kubishiwa mlango na landilodi ataielewa kejeli hiyo bila kufafanuliwa: mchezo uliobuniwa kuwakosoa wanyonyaji uliishia kumnyonya aliyeubuni.

Kuna jambo jingine kuhusu Monopoly. Wengi hulalamika kwamba hauishi, kwamba mtu huanza kuucheza saa mbili za usiku na kufikia saa sita bado anazunguka. Mara nyingi kosa si la mchezo, ni la kanuni tunazojitungia nyumbani. Sheria zilizochapishwa zinasema kwamba mchezaji akifika kwenye kiwanja asikinunue, kiwanja hicho kinapigwa mnada papo hapo. Tena zinasema kwamba pale mahali pa kuegesha gari bure hapana zawadi yoyote. Familia nyingi huruka mnada, kisha hulundika faini pale kwenye maegesho ili apewe atakayetua hapo. Pesa hurudi mikononi mwa watu kila mara, na mchezo unakosa wa kuumaliza. Hebu zifuateni sheria jinsi zilivyoandikwa, muone mtakavyowahi kulala.

Angalia tulichokifanya hapo: mchezo ulituudhi, tukasoma karatasi iliyo kasani, tukaupata ugonjwa na tiba yake. Jambo hilo haliwezekani katika gemu nyingi zilizo simuni mwa watoto wetu.

Kibanda ni kiaminifu kuliko simu

Sasa tugeukie vidio, na nitasema neno ambalo huenda likawashtua wazazi. Kile kibanda cha PlayStation mnachokichukia mtaani kina uaminifu kuliko gemu nyingi zinazoitwa za bure.

Fikiria. Barobaro anaingia, analipa shilingi zake za mchezo mmoja, na bei anaijua kabla ya kuketi. Mpinzani wake ni binadamu aliyekaa ubavuni pake, ambaye anaweza kumcheka na kuchekwa. Refa wa kwenye kioo anapopuliza kipenga cha mwisho, mchezo umekwisha, na aliyeshindwa anampisha mwenzake anayesubiri. Simaanishi kwamba kibanda hakina hatari. Zipo: kutoroka shule, kuwekeana dau, na kukaa na watu ambao mzazi hawajui. Lakini mkataba wenyewe uko wazi. Lipa hiki, pata hiki, kisha nenda nyumbani.

Hivyo ndivyo biashara nzima ya gemu ilivyokuwa katika miaka ya 1990. Ulinunua kaseti ya mchezo, ukaitia kwenye mashine, ukacheza mpaka ukachoka, kisha ukamwazima binamu yako au ukaiuza. Kampuni ilipata pesa mara moja, na haikuwa na njia ya kukufuata chumbani kukudai nyingine.

Intaneti ilipofika, kampuni ziligundua kwamba mchezaji anaweza kuuziwa kitu kila siku. Mfano ulio karibu nasi ni ule mchezo wa kandanda wa kampuni ya EA, uliojulikana kwa jina la FIFA hadi toleo lililotoka mwaka 2022, na ambao tangu mwaka 2023 huitwa EA Sports FC, ingawa vijana wetu wengi wangali wanauita FIFA. Ndani yake mna sehemu iitwayo Ultimate Team. Unaunda timu kwa kadi za wachezaji, na kadi hizo huja katika pakiti zilizofungwa. Waweza kuzipata pakiti kwa kucheza sana, au ukazinunua kwa pesa taslimu. Kilichomo ndani hukijui mpaka umelipa. Huenda ukamtoa mshambuliaji wa kutisha, na huenda ukatoa beki asiyejulikana hata kijijini kwao. Tena toleo jipya linapotoka mwaka unaofuata, unaanza upya bila kadi zako za zamani.

Mwezi wa Aprili 2018, tume inayosimamia kamari nchini Ubelgiji iliamua kwamba makasha ya bahati yanayolipiwa katika michezo kadhaa, FIFA 18 ukiwemo, yanavunja sheria za kamari. Mwezi wa Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi za FIFA katika nchi hiyo. Nchini Uholanzi wakuu walijaribu kuipiga kampuni hiyo faini, lakini mwezi wa Machi 2022 mahakama ikaifuta faini hiyo. Kwa hivyo wanasheria wenyewe hawajaafikiana kama jambo hilo ni kamari kwa mujibu wa sheria. Lakini mzazi hahitaji kusubiri mahakama. Mtoto anayelipa pesa halisi ili afungue kitu asichokijua, akitumaini kupata cha thamani zaidi, anazoeshwa mwendo ambao tumeona ukiwafilisi watu wazima katika nchi hii.

Wachezaji nao si wajinga, wala si wanyonge. Mwezi wa Novemba 2017, mchezo wa Star Wars Battlefront II wa kampuni iyo hiyo ulikuwa karibu kutolewa wakati wachezaji walipopiga hesabu za saa ambazo mtu angehitaji ili kuwafungulia mashujaa wakubwa kama Darth Vader bila kulipa zaidi. Walikuwa wameshalipa bei kamili ya mchezo! Kampuni ilipojitetea, maelfu kwa maelfu waliikataa hoja yake hadharani. Siku moja kabla ya mchezo kutolewa rasmi, uuzaji ule ulisimamishwa, na mwaka uliofuata kampuni ikatangaza kwamba vitu vinavyomwongezea mchezaji nguvu havitauzwa tena ndani yake. Sauti za wachezaji zilikuwa zimesikika.

Bure yenye risiti

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, aligundua mwisho wa mwezi kwamba maelfu ya shilingi yalikuwa yamekatwa kidogo kidogo kutoka kwenye akaunti iliyofungamana na simu yake. Kifunguamimba wake alikuwa akinunua almasi za mchezo wa "bure". Mtoto hakuiba. Kwake, kile kitufe kilikuwa kitufe tu kama vingine, na almasi zilikuwa almasi tu. Kuandikiana na wenye mchezo ili pesa zirejeshwe kulimchosha mama wa watu hadi akakata tamaa.

Mbinu yenyewe haihitaji digrii kuielewa. Bei haiandikwi kwa shilingi, inaandikwa kwa almasi au sarafu za mchezo, ili akili isahau kwamba hizo ni pesa za unga. Kisha almasi huuzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei za vitu. Tuseme fungu dogo kabisa lina almasi 1,000, na upanga unagharimu 800. Unabaki na 200 zisizonunua kitu, nazo zinakuita ununue fungu jingine. Juu ya hayo kuna saa inayohesabu kurudi nyuma: ofa hii inakwisha baada ya dakika 30! Mwenye duka mtaani akikuuzia sukari kwa mtindo huo, utamhama siku iyo hiyo.

Wako waliobanwa kwa mbinu kama hizo. Mwezi wa Desemba 2022, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, imekubali kulipa jumla ya dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 275 zilikuwa adhabu kuhusu taarifa za siri za watoto, na milioni 245 zilikuwa za kuwarejeshea wateja pesa zao. Wakuu walidai kwamba vitufe vya mchezo huo vilikuwa vimepangwa kwa namna ya kuwafanya watu wanunue pasipo kukusudia, na kwamba watoto waliweza kununua bila idhini ya wazazi. Ikiwa watoto wa Marekani, wenye wakubwa wa kuwapigania, walinaswa, sembuse wetu?

Ukishalipa, je?

Kipimo cha tatu ndicho kinachowachoma zaidi wachezaji wa siku hizi. Mwaka 2014 kampuni ya Ufaransa iitwayo Ubisoft iliuza mchezo wa magari uitwao The Crew. Ingawa mtu aliweza kuucheza peke yake, ulihitaji kuunganishwa na mitambo ya kampuni kila wakati. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ikaizima mitambo hiyo. Kuanzia siku hiyo, kila aliyeununua, hata aliyekuwa na diski kabatini, alibaki na kipande cha plastiki kisicho na kazi.

Malalamiko yaliyozuka yalizaa kampeni ya wachezaji ya kutaka michezo isiuawe namna hiyo, na kufikia mwezi wa Julai 2025 ombi lao kwa Muungano wa Ulaya lilikuwa limepita sahihi milioni moja. Huko California nako, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2025 inawataka wanaouza bidhaa kama hizi mitandaoni kumweleza mnunuzi bayana kwamba anapata leseni ya kutumia tu, na kwamba leseni hiyo inaweza kuondolewa. Neno "nunua" limeanza kuulizwa maana yake.

Tuwe waadilifu. Mitambo inagharimu pesa, na hakuna kampuni inayoweza kuiwasha milele kwa ajili ya watu wachache. Aidha, wapo vijana wengi ambao gemu ya bure ndiyo pekee wanayoimudu, na wengine huicheza miaka mingi bila kutoa hata ndururu. Hoja hizo ni za kweli. Lakini mwenye nyumba anayekodisha husema anakodisha. Akikuambia anakuuzia, kisha akaja kubadilisha kufuli, huyo ana jina jingine.

Wala si kweli kwamba biashara haiwezekani bila hila. Stardew Valley, mchezo wa shamba uliotengenezwa na Eric Barone peke yake na kutolewa mwaka 2016, umeuza zaidi ya nakala milioni 20. Ulipiwa mara moja, na nyongeza alizoziongeza baadaye amezitoa bila malipo. Baldur's Gate 3, uliotolewa na kampuni ya Larian ya Ubelgiji mwaka 2023, haukuwa na duka ndani yake la kumkamua mchezaji, nao ulishinda tuzo ya mchezo bora wa mwaka huo katika The Game Awards. Hata Sony, mchezo wao Concord ulipokosa wateja mwaka 2024, waliuondoa sokoni katika majuma mawili na kuwarejeshea wanunuzi pesa zao. Kumbe inawezekana.

Maswali matatu ya mezani

Ndugu mzazi, na wewe mwanafunzi unayeweka akiba ya pesa za nauli, kabla ya kuruhusu au kununua mchezo wowote, ulizeni maswali haya matatu. Unakwisha lini? Mchezo usio na mwisho umetengenezwa kula muda wako, na muda wa mwanafunzi ndio mtaji wake. Sheria zake naziona? Ikiwa bahati imefungwa ndani ya pakiti na bei imefichwa ndani ya almasi, jihadharini. Je, nikilipa leo, mwakani utakuwa wangu? Mchezo ambao huwezi kumwazima nduguyo, wala kuucheza mtandao ukikatika, umeukodi. Kukodi si dhambi, lakini lipa bei ya kukodi. Na simu ya mama iwekewe nambari ya siri ya kununulia, ambayo mtoto haijui.

Kwa wasio na pesa za kasha, nina kazi ya kuwapa juma hili. Mnamo miaka ya 1930, Mmarekani Alfred Butts, msanifu wa majengo aliyepoteza kazi wakati uchumi ulipoanguka, alihesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ili ajue zipi zinatumika sana. Kutokana na hesabu hiyo ulizaliwa mchezo ambao tangu mwaka 1948 umeitwa Scrabble. Una vigae 100, lakini vilipimwa kwa Kiingereza: E ziko 12, A ni 9, na K ni moja tu yenye pointi 5. Jaribu kuandika Kiswahili kwa vigae hivyo uone utakavyokwama. Q na X hutazihitaji kamwe, C haitembei bila H, na A zitakuishia kabla hujaanza.

Basi kabla gazeti hili halijaenda kufungia maandazi, lichukueni ukurasa wake wa kwanza. Hesabuni herufi 1,000 za mwanzo, kila mtoto akipewa aya yake. Gawanyeni hesabu ya kila herufi kwa 10, na hiyo ndiyo idadi ya vigae vyake. Herufi inayopata chini ya kimoja ipewe kimoja, na inayozidi ipunguzwe. Kateni vigae kwa boksi la sabuni, mchore miraba 15 kwa 15 kwenye karatasi ngumu, herufi za kawaida mzipe pointi 1 na za nadra mzipe 8 au 10. Kisha jadilianeni: je, "kula" likikubaliwa, "anakula" nalo litakubaliwa? Na "hatukukupikia"? Mtakaloamua, liandikeni kwenye karatasi na kulibandika ukutani kabla kigae cha kwanza hakijawekwa, ili babu naye aweze kulisoma.

Jumapili njema, na anayeshindwa aoshe vyombo.